Nimekujibu Inboksi

4 Machi

Karani,

Samahani naanza bila salamu. Nina hasira, na salamu yangu leo ingekuwa ya unafiki.

Asubuhi nimefungua Jukwaa la Redio za Zamani, kama ninavyofanya kila siku nikisubiri maji ya chai yachemke. Nikaitafuta mada yangu niliyoipa jina "Leo nimecheka sana". Haipo. Nikatafuta weee, mpaka chai ikapoa, ndipo nikaikuta chini ya jina jipya: "Redio ya valvu inakata sauti ikishapata joto: sababu na namna ya kuitengeneza". Pembeni kuna maandishi madogo: "Imehaririwa na Karani".

Sasa wewe Karani ni nani? Mimi nipo humu tangu jukwaa lina watu wa kuhesabika. Sijawahi kukuona ukiuliza swali, sijawahi kuona picha ya redio yako, hata kumpongeza mtu sijakuona. Ghafla mwenye jukwaa anatuambia umejitolea kupanga mada zetu, na umekabidhiwa funguo zote. Mtu ajitolee bure kufanya kazi ya kuchosha namna hiyo, kwa redio zisizo zake? Mimi ni fundi lifti. Kitu kikilia vibaya nakisikia kabla hakijaharibika.

Halafu hilo tangazo lako: "Wajuzi wanaombwa wajibu hadharani badala ya kuandika nimekujibu inboksi." Wajuzi gani? Humu anayejibu watu inboksi anajulikana, ungeliweka tu jina langu tukamaliza. Najibu inboksi kwa sababu zangu. Wapo watu wanaovizia majibu ya wenzao, wanayakusanya, wanayatia jalada na kuyauza. Kama na wewe umekuja kwa njia hiyo, kwangu umegonga mwamba. Rudisha jina la mada yangu.

Antena


5 Machi

Kaka Antena,

Pole kwa chai iliyopoa. Mimi ni dada, na hasira yako nimeipokea.

Nijitambulishe basi. Kazi yangu ni kutunza mafaili ya wagonjwa hospitalini. Nakaa kwenye chumba chenye rafu mpaka darini, na daktari akiniulizia faili, mwenye faili huwa yuko kitandani anasubiri. Likiwekwa pasipo pake, hata kama limo chumbani humo humo, halimsaidii mtu. Nilipoingia jukwaani kwenu nikakuta hali hiyo hiyo. Majibu mazuri yapo, tena ya bure, ila kuyafikia ni shughuli. Mada zinaitwa "Wakuu msaada", "Wakuu msaada tena", "Jamani", na moja inaitwa nukta tatu tu. Mgeni akiuliza mnamrukia: "Hili lilishajadiliwa, tumia kitufe cha kutafuta." Akitafuta anamwagiwa "Wakuu msaada" ukurasa mzima. Akibahatika kupata mada inayofanana na shida yake, anashuka nayo mpaka chini kwa matumaini, anakuta umeandika "nimekujibu inboksi", na aliyeuliza kaandika "asante mkuu, imepona". Imepona kwa dawa gani, mnajua nyinyi wawili.

Jina la mada yako naomba libaki. Tangu nilibadilishe, watu watatu wameandika chini yake kwamba redio zao zimepona. Chini ya "Leo nimecheka sana" walikuwa wanacheka tu.

Sasa naomba msaada wako. Kuna mada ambazo majibu yake yamebaki inboksini kwako. Ile ya redio yenye harufu ya kuungua, ile ya mshale wa stesheni uliokwama, na ile ya mtu anayejiita Mkasi, ambaye redio yake ilikuwa inanguruma na akigusa skrubu ya swichi inamtekenya vidole. Nitumie ulichowaambia, hasa huyo wa mwisho. Nitakiweka hadharani kwa jina lako.

Karani wa Jukwaa


7 Machi

Dada Karani,

Maneno yako matamu, na ndiyo yanayonitia wasiwasi. Mtu mkweli huwa hajipangi hivyo.

Jana nimeshinda kwenye chumba cha mota juu ya jengo moja refu, nafunga breki za lifti, na kichwani nakuwaza wewe. Nikajiuliza: mtunza mafaili ya wagonjwa anataka nini na redio? Kwa hiyo kabla sijakupa hata sentensi moja, nijibu swali ambalo kila mtu humu analijua. Ukiwasha redio ya valvu, hizi zenye taa za kioo ndani, kwa nini haiongei papo hapo? Usimuulize mtu.

Na la pili: mada zilizoishia inboksini kwangu zimejaa humu. Kwa nini umechagua hizo tatu? Nani amekuchagulia? Yupo mwenye duka la spea mmoja aliyewahi kuniomba majibu yangu ayabandike dukani kwake, nikamkatalia, akanuna. Au umetumwa na mtalaka wangu? Huyo naye hashindwi.

Antena


9 Machi

Kaka Antena,

Sijui kwa nini haiongei papo hapo. Ningeweza kutafuta jibu mtandaoni nikakuletea na maringo, ila sitaki kukudanganya kwa jambo dogo. Redio sizijui. Hata mafaili ninayowapelekea madaktari, ugonjwa uliomo siujui. Najua tu faili lilipo.

Sijatumwa na mwenye duka wala mtalaka wako, ambaye simfahamu na namtakia heri. Mada nilizichagua kwa sababu watu wanazifungua sana kisha wanaondoka mikono mitupu. Hiyo ya Mkasi, kwa mfano, hakuna jibu lililobaki ila la mtu mmoja aliyeandika "geuza plagi tu mkuu", na watu wakampa madole gumba kwa furaha. Chini yake Mkasi kaandika kwamba amegeuza na mtekenyo umekwisha. Halafu wewe: "Nimekujibu inboksi." Basi. Mgeni anayesoma leo atageuza plagi. Je, ageuze? Wewe ulimwambia ageuze?

Hilo tu nijibu, mengine tutaongea polepole.

Karani


12 Machi

Karani,

Nimekukamata.

Barua ya kwanza uliomba tatu. Barua ya pili, ile mada ya harufu ya kuungua umeisahau, mshale uliokwama umeusahau, umebaki na Mkasi. Mkasi, Mkasi, Mkasi. Nikaenda kuangalia ulijiunga lini. Ulijiunga mwaka jana, baada ya Mkasi kuuliza swali lake, na tangu hapo yeye hajaandika neno. Yeye katoka, wewe umeingia. Mimi si mtoto mdogo, dada. Una jambo na mtu huyo au yeye ana jambo na mimi kupitia kwako.

Kama ni yeye amekutuma, mpelekee salamu hizi. Huyo bwana ndiye aliyenitoa hamu ya kusaidia watu. Niliacha chakula mezani kikapoa kwa ajili yake. Nilimwandikia ukurasa mzima, neno kwa neno, nikifuta na kurudia ili aelewe. Hakunijibu. Si asante, si nimeona, si kalamu yako imevunjika. Nikasubiri wiki, nikasubiri mwezi. Kumbe alikuwa anataka jibu la kugeuza plagi, la mstari mmoja tu, akalipata, akaenda zake. Tangu siku hiyo watu nawajibu kwa mstari mmoja. Wengine siwajibu kabisa.

Umeuliza, au hukuuliza ila nakwambia, kwa nini napenda inboksi. Hadharani nikijibu watu wanachukua na kuondoka. Inboksi mtu anaanza kwa kunisalimia. Ananiuliza nimeamkaje, ananiambia mwanawe kafaulu mtihani. Tangu mke wangu aondoke, hao ndio wanaoniuliza nimeamkaje. Ukiweka majibu yote hadharani, yakapangwa vizuri kwa majina marefu kama yako, nani atakuwa na haja ya kunisalimia?

Sasa sema wewe ni nani.

Antena


13 Machi

Antena,

Mkasi ni mume wangu.

Jina hilo lilitokana na kazi. Ni kinyozi, ana banda lake la viti viwili, na alikuwa anasifika kwa kukata kwa mkasi, si kwa mashine. Watu walikuwa wanakuja kutoka mitaa ya mbali wakae kwenye benchi wamsubiri yeye. Redio aliinunua kwa mteja mmoja aliyekuwa anahama, akaiweka juu ya rafu, kati ya poda na kioo. Alitaka iongee wateja wakisubiri. Ndiyo starehe yake pekee, hanywi, hachezi kamari, nikasema sawa.

Aliuliza kwenye jukwaa lenu. Akaambiwa ageuze plagi, akageuza, mtekenyo ukaisha, akafurahi. Mngurumo ukabaki. Akasubiri jibu lako kwa sababu kila mtu humo alisema msubiri Antena, Antena ndiye mwenyewe. Keshokutwa yake akachoka kusubiri. Akaizima kwa swichi, akafungua mgongo wa redio, akaingiza mkono ashike ile fremu ya chuma aivute nje. Redio ilikuwa imezimwa, Antena. Ilikuwa imezimwa na bado ilimkamata. Mteja ndiye aliyechomoa waya. Kiganja kiliungua, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji mpaka leo. Faili lake liko kwenye rafu zangu. Nililiweka kwa mkono wangu.

Sasa hivi anakaa kwenye benchi la wateja, kwenye banda lake mwenyewe, na kijana aliyemwajiri ndiye ananyoa. Wateja wa mkasi wamekwisha.

Nilimuuliza, huyo Antena alikuambia nini? Akasema hakuniambia kitu. Nikaenda kwenye mada nikaona umeandika umemjibu. Mmoja wenu ni mwongo, na mmoja wenu nimeishi naye miaka kumi na nne namjua anavyodanganya. Huwa anakuna sikio. Hakukuna.

Kwa hiyo ama hukumwandikia kitu, ulitaka tu watu waone umejibu, ama ulimwandikia kitu cha kumuua na sasa unakificha. Nataka kukiona.

Karani


15 Machi

Shemeji,

Barua yako nimeisoma kazini, nikiwa nimekaa kwenye ngazi. Wapangaji wakanipita wakiniuliza kama lifti imepona.

Pole. Najua neno dogo hilo, lakini sina lingine.

Sasa nisikilize. Barua niliyomwandikia ninayo, imo kwenye zilizotumwa. Ningeweza kuinakili hapa dakika hii hii. Siinakili. Nikiinakili utasema nimeitunga jana baada ya kusikia yaliyotokea, na mimi ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo. Kaa na mumeo, fungueni akaunti yake kwa simu yake mwenyewe, muisome ikiwa na tarehe yake. Kwenye simu, kona ya juu kuna vistari vitatu. Bonyeza hapo, kisha shuka mpaka chini kabisa, pameandikwa "Inboksi".

Nami nakuambia wazi kwamba sijakuamini. Mtu aliyenificha siku zote hizi kwamba ni mke wa fulani anaweza kunificha na mengine. Inawezekana mumeo alisoma, akapuuza, akaumia, akaona aibu kukwambia. Wanaume tunafanya hivyo. Ukifungua ukakuta imeshasomwa, usije ukanililia mimi.

Antena


21 Machi

Antena,

Usiniite shemeji.

Nimechelewa kwa sababu mume wangu alikataa kunipa simu. Nilipomwambia nataka kuona alichoandikiwa na Antena, aliuliza, "Tangu lini unamjua Antena?" Nikasema nimekuwa nikiandikiana naye. Kosa langu, ningeanza mbali. Akauliza tunaandikiana nini, tangu lini, kwa nini hakuambiwa. Siku mbili hakunisemesha ila kwa habari za chumvi na funguo. Akaenda kulala sebuleni. Mtu aliyekataa hata kulisikia jina la redio tangu aumie, ghafla akawa anauliza kila chakula, "Na Antena anasemaje?"

Mwisho nilimsomea barua zako zote, moja baada ya nyingine, nikiwa nimesimama. Na zangu pia, na pale nilipokudanganya. Nilipofika pale pa kuacha chakula mezani, akasema, "Huyu anasema aliniandikia ukurasa mzima?" Akaleta simu mwenyewe.

Vistari vitatu. Kushuka mpaka chini. Inboksi, na mbele yake namba moja, nyekundu. Haikuwa imesomwa.

Akaisoma kwa sauti. Sitaki kuirudia yote, unaijua. "Usiifungue, ndugu yangu. Redio ya aina hiyo haina transfoma, ile fremu ya chuma ya ndani imeungwa na umeme wa ukutani moja kwa moja. Usigeuze plagi ukadhani umepona. Ukigeuza, mtekenyo utaondoka redio ikiwa imewaka, lakini ukiizima kwa swichi chuma chote kitabaki na umeme, na hapo ndipo watu wanapouawa. Kuzima si kuchomoa." Alipofika hapo akaiweka simu mezani. Nikachukua simu nikamalizia mimi. Umemaliza kwa kusema aandike akishachomoa, kwamba unasubiri.

Tarehe ni ile ile aliyouliza. Ilikuwa humo siku zote mbili alizokaa akisubiri. Ilikuwa humo wakati anaingiza mkono.

Utaniuliza kwa nini hakuiona. Jukwaa lilimwandikia kwamba atajulishwa kwa barua pepe. Barua pepe hiyo alifunguliwa na muuza simu siku aliponunua simu, na neno la siri analo muuza simu, kama bado analo. Mume wangu aliona umeandika "nimekujibu inboksi", akatafuta kila pembe aliyoijua, akakosa, akadhani mnamchezea. Kuuliza inboksi iko wapi aliona aibu.

Nilikuwa nimejiandaa kukuchukia. Sasa sijui nimpelekee nani hasira hii, na imenijaa.

Karani


23 Machi

Dada,

Sijalala vizuri, na si kwa sababu ya mumeo peke yake.

Baada ya barua yako nilifungua zile nilizozituma. Huwa sizifungui. Mimi huangalia tu waliojibu, asiyejibu namfuta moyoni. Pembeni ya kila barua kuna alama ndogo, ya kijani ikiwa imesomwa, ya kijivu ikiwa haijasomwa. Sikuwahi kujua maana yake, na mimi ndiye ninayewacheka wageni humu.

Zimejaa za kijivu, Karani. Nimeshuka nazo mpaka kidole kikachoka. Watu niliowaita hawana shukrani, watu niliowasema kwa wenzangu kwamba wanakula na kuondoka, hawakuwahi hata kufungua. Mmoja aliuliza kwa nini waya wake unapata moto, nikamwandikia achomoe leo leo asingoje kesho. Ya kijivu. Mwanamke mmoja alikuwa anatengeneza redio mezani anapolia chakula na watoto. Ya kijivu. Nimeingia kwenye majina yao kuangalia kama waliandika kitu tena baadaye. Wengine wameandika, nikashusha pumzi. Wengine hawajaandika, na sijui kama walichoka na redio au wamefanya nini. Sina namna ya kujua.

Nilidhani mimi ndiye niliyedharauliwa.

Niambie la kufanya. Wewe ndiye unayejua kupanga, na sasa hivi sina nguvu ya kubishana na mtu.

Antena


24 Machi

Antena,

La kwanza nikueleze kilichonileta, kwa sababu umenituhumu mambo mengi na hilo hukuligusa. Nilijitolea kupanga jukwaa ili nikupate. Nilitaka nikusanye ulichowaambia watu, nikionyeshe kwa mwenye jukwaa, ufukuzwe, na jina lako libaki limechafuka mahali ambapo kila mtu atalipata kirahisi. Barua ya kukushtaki nilishaiandika. Imekaa tayari tangu mwaka jana. Jana nimeifuta. Kwa hiyo ulipokuwa unanishuku ulikuwa sahihi, ila ulikosea sababu.

La pili, kazi. Chukua kila ya kijivu. Usiitume tena inboksi. Ibandike kwenye mada yake, hadharani, juu kabisa, kwa jina lako. Ukiona aibu kwa maneno ya kirafiki uliyoyaweka humo, yaache. Mimi nitabadilisha vichwa, kila kimoja kiseme ugonjwa wenyewe kwa maneno ambayo mtu mwenye ugonjwa huo angeyatumia, si maneno ya fundi. Mtu haandiki "hitilafu ya kapasita". Anaandika "redio inanguruma". Nimemwomba mwenye jukwaa aitoe inboksi kule chini ilikofichwa, na kila mgeni akijiunga aonyeshwe ilipo. Amekubali, kwa kunung'unika.

La tatu, kuhusu salamu. Hadharani pia watu wanaweza kukusalimia. Waambie tu kwamba unapenda kusalimiwa. Hawajui.

Mume wangu anaomba nikuulize kama wewe ulikuwa mmoja wa waliomcheka yule mgeni aliyeuliza jukwaani picha zinawekwaje. Mjibu mwenyewe. Ni swali lake.

Karani


2 Aprili
Kwenye mada ya wazi: "Redio inanguruma na inatekenya vidole: usiifungue kabla ya kusoma hapa"

Antena,

Mimi ni Mkasi. Naandika kwa kidole cha kushoto, univumilie.

Umeamkaje? Mke wangu amesema nianze hivyo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi sasa hivi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa. Ni barua nzuri. Kila neno nilikuwa nalihitaji, na nilikuwa nimelishika mfukoni. Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Nikikuona barabarani leo sijui nitakufanya nini, kukukumbatia au kukuvuta shati. Wiki moja kabla sijauliza swali langu, mtu mmoja humu aliuliza picha zinawekwaje, mkamcheka ukurasa mzima. Nimerudi nikaangalia. Wewe uliandika "huyu katoka wapi". Kwa hiyo uliponiambia umenijibu inboksi, na inboksi siioni, nilisema kimoyomoyo, nikiuliza nitakuwa yule. Nikanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kumenifikisha hapa, na wewe umechangia, na mimi nimechangia.

Mke wangu anataka redio iuzwe. Mimi nimekataa. Nataka iongee. Imekaa kabatini mwaka mzima imefunikwa shuka, leo tumeitoa, tumeichomeka kusikiliza, na bado inanguruma vile vile.

Bado sijakuamini, nakwambia ukweli. Ndiyo maana nakuuliza hapa hapa, mbele za watu, kila mtu aone unachoniambia. Bisibisi atashika mke wangu, mimi nitamsomea. Tuanzie wapi?

Mkasi


2 Aprili

Mkasi,

Nimeamka vizuri, ahsante. Ahsante sana kwa kuniuliza.

Ndiyo, niliandika hivyo. Yule kijana nimemtafuta nikamwomba radhi, na hapa nakuomba radhi wewe, mbele za watu.

Mnaanza hivi. Chomoeni plagi ukutani. Sikusema mzime swichi, nimesema mchomoe. Mkishachomoa msiguse kitu kingine chochote, hata skrubu moja, mpaka muandike hapa kwamba imechomoka. Nina lifti inaningoja na watu wananipigia simu. Leo wapande ngazi. Sitoki hapa mpaka mjibu.

Antena


2 Aprili

Imechomolewa. Plagi iko mkononi mwangu, na yeye ameniangalia nikiitoa. Endelea, tunasoma wote wawili.

Karani